Kabati la droo lenye chapa "I.W" mgongoni (Massachusetts): fundi wake ni nani?

#1 FundiMerrimack
Wakuu habari. Mimi ni seremala, kazi nilijifunzia Moshi, na huu ni mwaka wa saba natengeneza samani za zamani hapa Massachusetts. Kuna bibi mmoja nilikuwa namrekebishia milango na ngazi za nyumba yake. Mwezi uliopita amehamia kwa mwanawe, akaniachia kabati la droo nne lililokuwa chumbani kwake. Anasema lilitoka kwa bibi wa bibi yake.

Mbele ni mbao ya cheri, imegeuka nyekundu nzito kama chai ya rangi. Ndani na mgongoni ni msonobari mweupe. Hakuna karatasi ya jina wala sahihi. Nilipoligeuza ndipo nikaona chapa ya moto kwenye mbao za mgongo, imepigwa mara mbili: I.W. Halafu nyuma ya kila droo kuna herufi ya chaki: A, B, C, D.

Msimamo wangu ni kwamba I.W ndiye fundi. Nani mwingine angechoma herufi zake mgongoni mwa kabati? Nisaidieni kumpata.

#2 KigogoKorogwe
Picha mkuu. Uzi wa samani bila picha ni kama pilau bila nyama.

#3 MdauDelaware
Hongera kwa mzigo huo, na tafadhali usiupake kitu chochote kwanza.

Sasa mambo mawili. La kwanza, hiyo "I" usiisome kama I tu. Mafundi na wachonga mihuri wa karne ya 18 walitumia I mahali pa J. Kwa hiyo I.W anaweza kuwa Isaac, lakini pia John, James, Joseph, Jonathan, Jacob. Umeshafungua mlango wa nusu ya wanaume wa New England (majimbo haya ya kaskazini mashariki).

La pili, chapa ya moto kwenye makabati na meza mara nyingi ni ya mwenye mali. Portsmouth kule New Hampshire wana samani nyingi zenye chapa za namna hiyo, na watafiti walipozilinganisha na kumbukumbu za mji wakakuta ni majina ya wafanyabiashara na manahodha waliozimiliki. Sababu inayotajwa zaidi ni moto. Mji ule uliungua vibaya 1802, 1806 na 1813. Nyumba ikishika moto, watu wanatupa vitu barabarani, kesho yake kila mtu anatafuta chake.

Kwenye viti ndiyo habari nyingine. Viti vya Windsor (vile vya mbao vyenye mgongo wa vijiti) vilichapwa na mafundi wenyewe chini ya kikalio. Ukikuta "EB: TRACY" hapo, huyo ni Ebenezer Tracy wa Lisbon, Connecticut.

#4 Ng'wanaMalundi
Mdau #3 kamaliza. Kwetu wafugaji ng'ombe anapigwa alama ya mwenye zizi. Hakuna anayempiga alama ya fahali aliyemzaa.

#5 FundiMerrimack
@Ng'wanaMalundi ng'ombe hatengenezwi na mtu, ndugu yangu. Mimi mwenyewe nikimaliza kitanda naweka alama yangu ndani ya mbavu. Fundi anayeipenda kazi yake anataka ijulikane.

@KigogoKorogwe picha naweka jioni, sasa hivi nipo kazini.

#6 MtotoWaKilindini
Hizo herufi za chaki ndizo za kuangalia, achana na chapa. John Townsend wa Newport, Rhode Island, alikuwa anaandika A, B, C, D kwenye droo zake kwa mwandiko wa kupendeza. Familia za Townsend na Goddard walikuwa Waquaker (dhehebu la Kikristo), wameoana wao kwa wao, karakana zao mtaa mmoja. Kazi zao ndizo zenye yale makombe makubwa ya baharini yaliyochongwa mbele. Kabati lao moja la kuandikia na kuwekea vitabu, la familia ya Brown ya Providence, liliuzwa kwenye mnada wa Christie's, New York, mwaka 1989 kwa dola milioni 12.1. Mkuu, lala na hilo kabati chumbani.

#7 MdauDelaware
@MtotoWaKilindini bei na mwaka uko sahihi, lakini kwenye mauzo yale fundi aliyetajwa alikuwa John Goddard, na alitajwa kwa kunasibishwa. Lile kabati halikuwa na sahihi yake.

Herufi kwenye droo ni utaratibu wa karakana nyingi. Ukiwa na droo nne zinazotofautiana urefu kwa unene wa kucha, lazima uziwekee alama ili kila moja irudi kwenye tundu lake. Kinachomtambulisha Townsend ni umbo la herufi zenyewe. Na kazi kubwa za Newport ni mahogani nje, ndani popla au chesnati. Cheri kwa msonobari mweupe inaniambia bonde la mto Connecticut, ama kusini kwenye jimbo la Connecticut ama juu, magharibi ya Massachusetts.

#8 KigogoKorogwe
Kwani mbao ya ndani inamtaja fundi kuliko ya nje? Sijaelewa hapo.

#9 MdauDelaware
Swali zuri. Mbao ya nje ilinunuliwa ili ionekane, na mahogani ilitoka visiwa vya Karibi kwa meli, kwa hiyo Boston, Newport, Philadelphia na Charleston wote walikuwa nayo. Mbao ya ndani hakuna aliyelipia kuisafirisha, fundi alitumia iliyokuwa karibu. Boston msonobari mweupe. Philadelphia popla, na chini ya droo mara nyingi mwerezi mweupe. Charleston saipresi. Kwa hiyo ubao wa chini ya droo unakutajia mji hata kama droo yenyewe imekaa kimya miaka 250.

Ukishapata mji, ndipo unatafuta mkono. Chukua mguu wa ukucha ulioshika tufe. Newport kwenye kazi zao nzuri walitoboa kucha, mwanga unapita kati ya ukucha na tufe. Boston kucha za pembeni zimelazwa kurudi nyuma. New York mguu umekaa kimraba, mzito. Baada ya hapo unaingia ndani: meno ya pembe za droo yamekatwa kwa mshazari gani, msumeno ulipitiliza mstari kwa kiasi gani, ubao wa chini umeingizwa vipi kwenye mfereji. Fundi anaweza kubadilisha mtindo mteja akitaka, lakini namna anavyokata meno ya droo haibadiliki, kwa sababu mkono ulishazoea tangu akiwa mwanafunzi wa kazi.

#10 FundiMerrimack
Hilo la mkono nakubali asilimia mia. Kule Moshi tulikuwa wanne kwenye karakana na ningeweza kukwambia gizani droo ipi ni ya nani, kwa kupapasa tu.

#11 MwalimuMstaafu_Ptown
Na hapo ndipo penye mtego, kijana wangu. Mkono huo ulifundishwa na mtu. Mwanafunzi aliingia karakana akiwa na miaka 14 hivi, akatoka na 21, anakata meno kama mwalimu wake. Karakana ya wanne, unayemtafuta ni yupi?

Philadelphia kulitokea jambo la kujifunza. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilipatikana meza ya droo yenye karatasi ya jina la William Savery. Kwa kuwa ndiye aliyekuwa na jina, watu wakaanza kumpa kila kitu kizuri kilichotoka Philadelphia kabla ya mapinduzi ya Marekani. Kila ukucha na kila jani lililochongwa likawa la Savery. Baadaye majina ya wengine yakafukuliwa kwenye daftari za hesabu, kina Thomas Affleck na Benjamin Randolph, ikabidi azipokonywe moja baada ya nyingine. Savery alikuwa fundi mzuri, lakini hakuomba mzigo huo.

#12 DadaWaShangani
Assalaam alaykum. Mimi ni Mzanzibari, naishi karibu na Salem, Massachusetts. Nawaletea kitu kinachotuhusu: vanishi. Meli za Salem zilikuwa zinakuja Unguja kuchukua pembe na sandarusi, ule utomvu mgumu wa miti. Sandarusi ikisafishwa na kuchemshwa inatoa vanishi ngumu inayong'aa, na Salem kulikuwa na kiwanda cha kuisafisha. Huenda hilo kabati limevaa sandarusi ya mrima!

#13 MtotoWaKilindini
Dada umenigusa. Kumbe tulikuwa tunawauzia mng'ao, wao wanatuletea kitambaa cha merikani.

#14 MwalimuMstaafu_Ptown
Binti, jambo lenyewe ni kweli ila tarehe tuziweke sawa. Biashara ya Salem na Unguja ilianza miaka ya 1820, mkataba wa Marekani na Seyyid Said ni wa 1833, na balozi mdogo wao wa kwanza, Richard Waters, alifika 1837. Kama kabati ni la 1780 au 1790, vanishi yake ya kwanza haikupitia njia hiyo. Ikiwa ipo sandarusi ya Unguja juu yake, basi ni ya kupakwa upya.

#15 DadaWaShangani
Ahsante Mwalimu, nimesahihishika. Lakini bado inawezekana ya pili au ya tatu ni yetu.

#16 MwalimuMstaafu_Ptown
Hilo silipingi hata kidogo.

#17 KigogoKorogwe
Tukiwa hapo hapo, mama mkwe ana kasha la Zanzibar la njumu za shaba. Nalo fundi wake anapatikana?

#18 DadaWaShangani
Shemeji, makasha mengi tunayoyaita ya Zanzibar yaliletwa kwa majahazi kutoka Bara Hindi. Fungulia uzi wake, hapa tutampoteza Fundi.

#19 Nesi_Worcester
Naomba niweke yangu kama onyo. Miaka mitatu iliyopita nilinunua meza ya duara ya kukunja kwenye mauzo ya uani, dola 40. Ilikuwa nyeusi ya uchafu. Nikaikwangua kwa dawa, nikaipiga msasa mpaka ikawa nyeupe, nikaipaka vanishi mpya. Baadaye nilimwita mkadiriaji. Alilala chini ya meza na tochi nusu saa nzima, akatoka akaniambia meza ni ya zamani kweli, lakini juu nimeondoa kitu ambacho hakirudishwi. Iliniuma sana, na bado inaniuma nikiiona. Alichonifundisha ni hiki: pima duara mara mbili, kwa kufuata nyuzi za mbao na kwa kukata nyuzi. Mbao husinyaa upande mmoja tu. Meza ya kweli ya zamani haiwi duara kamili tena.

Kwa hiyo Fundi, kama wenzangu walivyosema, usiguse uso wake.

#20 MtotoWaKilindini
Pole dada. Yupo mama mmoja wa New Jersey alinunua meza ya kadi dola 25 uani kwa mtu, akaipeleka kwenye kipindi cha televisheni, ikauzwa nusu milioni.

#21 MdauDelaware
Dola 541,500, mnada wa Sotheby's, Januari 1998. Kilichoipandisha ni kipande cha karatasi kilichobaki chini yake, cha John Seymour na mwanawe, Creek Square, Boston. Hawa Seymour walitoka Axminster, Uingereza, wakafikia Portland, kisha wakahamia Boston. Kwa hiyo karatasi ya jina, ikiwepo, ni ushahidi mzito kuliko chapa.

#22 BabuWaRiverside
Karatasi inaweza kubandikwa na yeyote, na inaweza kubanduliwa. Wallace Nutting alitengeneza nakala nzuri za samani za kale kuanzia mwaka 1917 na akaziwekea jina lake. Walaghai wakabandua jina, wakaziuza kama za kale. Mtu hakudanganya, wakadanganya kwa mikono yake.

Aliyekusudia kuwapima wakubwa ni Armand LaMontagne wa Rhode Island. Mwaka 1969 alitengeneza kiti kikubwa cha kukerezwa, mfano wa viti vya Brewster vya karne ya 17. Akakichosha, akakivunja sehemu, akakiacha kizunguke. Henry Ford Museum ikakinunua 1970 kwa dola 9,000. Mwaka 1977 ukweli ukatoka. Alikuwa ametoboa matundu kwa keekee ya kisasa makusudi, ili siku ikifika aweze kuthibitisha ni chake. Wataalamu walikuwa wamekitazama kiti chote, ila hakuna aliyetazama ndani ya tundu.

#23 Ng'wanaMalundi
Huyo alichapa ng'ombe wake ndani ya sikio.

#24 Asha_Durham
Nimefuatilia toka #1 na kuna watu hamjawataja. Nipo North Carolina. Mji wa Milton kulikuwa na Thomas Day, Mweusi huru, aliyezaliwa Virginia mwaka 1801. Kufikia 1850 karakana yake ilikuwa kubwa kuliko zote za samani jimboni. Mwaka 1830 alitaka kumleta mkewe Aquilla kutoka Virginia, sheria ikakataza Weusi huru kuingia, wazungu wa Milton wakaandika ombi kwa bunge la jimbo na likakubaliwa. Na huyo huyo Day alimiliki watumwa, na wengine walifanya kazi karakanani. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli, ingawa linanikaa vibaya kooni.

Nikienda kule, kila nguzo ya ngazi iliyopinda kama konokono naambiwa "hii ni ya Day". Zipo zake zenye risiti na barua. Zipo za kudhaniwa tu. Na zile zilizo zake kabisa, nani alishika patasi siku ile? Majina ya wale hayakuandikwa popote kwenye mbao. Kwa hiyo Fundi akiuliza "nani alitengeneza", mimi namuuliza: unamtafuta mwenye karakana au mwenye mikono?

#25 MwalimuMstaafu_Ptown
Asha amesema kubwa. Niongeze John Hemmings, mtumwa wa Rais Thomas Jefferson pale Monticello, shamba lake la Virginia, seremala aliyefunzwa na James Dinsmore kutoka Ireland. Alimtengenezea Ellen, mjukuu wa Jefferson, dawati la kuandikia alipoolewa. Mwaka 1825 likasafirishwa kwa meli kwenda Boston, meli ikazama nalo. Jefferson aliandika kwamba Hemmings alihuzunika mno.

Kufidia, Jefferson akampa mume wa Ellen kidawati cha safari, kile alichoandikia rasimu ya Tangazo la Uhuru mwaka 1776. Sasa kipo makumbusho ya Smithsonian, Washington. Akabandika maandishi yake mwenyewe, akasema kilitengenezwa kwa mchoro wake na seremala wa Philadelphia ambaye yeye alipanga kwake alipofika mjini. Jina aliloandika ni "Ben Randall". Fundi ni Benjamin Randolph. Mtu alilala nyumbani kwa fundi, akamchorea kazi, akaitumia kazi ile miaka 49, na ubini akaukosea.

#26 FundiMerrimack
Nimesoma #24 na #25 mara mbili. Niliingia humu nikidhani natafuta jina tu.

Picha nimeweka. Na jana usiku nilitoa droo zote nikaweka taa chini. Matokeo:
Misumari ya mgongo ni ya kufuliwa na mhunzi, vichwa havifanani hata viwili. Droo A, B na D ubao wa chini una alama za msumeno zilizonyooka. Droo C alama zimepinda kama upinde. Mbele ya droo zote, kwa ndani, kuna matundu ya vishikio vya zamani yaliyozibwa. Na chapa I.W moja imekaa juu ya mpaka wa mbao mbili, nusu huku nusu kule, zimekutana sawasawa.

#27 MdauDelaware
Kazi nzuri sana. Ubao wa chini wa droo C umewekwa baadaye, alama za upinde ni msumeno wa duara, na huo kwenye samani hatuutarajii kabla ya miaka ya 1820 na 1830. Misumari ya kufuliwa inalivuta kabati nyuma, karibu na 1790 au kabla, ingawa mhunzi wa kijijini aliendelea kufua hata baada ya misumari ya kukatwa kwa mashine kuingia. Chapa kuvuka mpaka wa mbao maana yake ilipigwa kabati likiwa limeshafungwa. Hiyo ni chapa ya mwenye mali.

#28 BabuWaRiverside
Au fundi aliyemaliza kazi akaichapa kabla haijatoka mlangoni. Ushahidi ule ule, mdau.

#29 Nesi_Worcester
Au mtengenezaji aliyebadilisha ubao wa droo C, akachapa kama gereji wanavyobandika stika ya oili.

#30 KigogoKorogwe
Kwa nini usimpigie bibi mwenyewe? Muulize ubini wa bibi wa bibi yake kabla hajaolewa.

#31 FundiMerrimack
@KigogoKorogwe Mungu akubariki. Nimempigia leo. Amefurahi kuulizwa, tumeongea saa nzima. Ubini wa upande ule unaanza na W. Walitokea Deerfield.

Nikajua nimeshindwa, ni mwenye mali. Halafu akasema, bila mimi kumuuliza: "Wale wa Deerfield walikuwa watu wa mbao." Nikamuuliza maana yake, wanapasua mbao au wanatengeneza samani? Hakumbuki. Ndivyo mama yake alivyokuwa akisema.

#32 Ng'wanaMalundi
Basi fahali ndiye mwenye zizi. Sikutegemea.

#33 MdauDelaware
Usikimbilie, "watu wa mbao" inaweza kuwa kinu cha kupasulia magogo. Nenda kwenye kumbukumbu za mirathi. Mtu alipokufa, majirani waliorodhesha mali zake zote. Ukikuta randa, patasi, benchi na mbao za cheri ghalani, huyo ni fundi. Ukikuta kabati tu, ni mwenye kabati. Deerfield ni kaunti ya Franklin, masjala yake Greenfield.

#34 MwalimuMstaafu_Ptown
Franklin ilikatwa kutoka Hampshire mwaka 1811. Kama I.W alikufa kabla ya hapo, orodha yake itakuwa Northampton, Greenfield hutaiona.

#35 FundiMerrimack
Nimechukua ruhusa Jumatatu, naanza Northampton. Kabati nimelifunika shuka, sijaligusa uso. Asha, nitaangalia pia kama kwenye hiyo orodha ametajwa mtu mwingine aliyekuwa karakanani, wa kuajiriwa au wa kumilikiwa.

Nani humu anaweza kusoma mwandiko wa karne ya 18? Nitapiga picha kurasa zote nilete.

#36 Asha_Durham
Mimi naweza. Zilete.